Maziwa ya Kifua

Shule ikitoka, wenzake walikimbilia kucheza, lakini Chiriku alikuwa na safari yake. Anafika nyumbani, anatupa mkoba, anavua viatu bila kufungua kamba, na kabla mama yake hajamaliza kusema "nenda," yeye ameshachukua kopo la bati lenye mfuniko, yuko njiani kwenda kununua maziwa. Na maziwa yenyewe si ya chai, wala si ya mtoto mchanga. Ni ya baba. Pale nyumbani yaliitwa maziwa ya kifua, na haikuwa ruhusa mtu mwingine kuyagusa.

Jina alilopewa alipozaliwa alikuwa nalo, na mwalimu alilijua, lakini mtaa mzima walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alikuwa anaongea huyo mtoto! Anaongea akifagia, anaongea akila, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa anamjibu mtu.

Sasa baba yake alikuwa fundi wa magodoro. Si haya ya sponji yanayotoka kiwandani yamevikwa nailoni, la. Yeye alitengeneza ya sufi. Sufi ni ile kama pamba inayotoka kwenye maganda ya msufi, nyepesi, laini, ukiikamata unaona kama hujakamata kitu. Inakuja kwenye magunia imegandamana mabonge mabonge, ina mbegu, ina takataka, na fundi lazima aipige kwa fimbo na kuichambua kwa vidole mpaka itanuke. Ikishatanuka ndipo anaishindilia kwenye mfuko na kuushona kwa sindano ndefu kama kijiti cha mwavuli. Mifuko hiyo alikuwa anaishona mama, na cherehani yake ilikaa barazani, inalia kutwa.

Lakini sufi haina utulivu. Upige chafya tu, imeruka. Mtu afungue mlango kwa pupa, imetoka uani, imeingia kwa jirani, imetua kwenye sufuria la watu. Ndiyo maana baba alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha uani, madirisha kafunga, na chini ya mlango kaziba kwa gunia. "Huu upepo ni mwizi," alikuwa anasema, anabana komeo. Mle ndani vumbi lilining'inia hewani, huoni ukuta wa pili. Jioni akitoka alikuwa mweupe kama kadondokea kwenye pipa la unga: kope nyeupe, nyusi nyeupe, masikio meupe mpaka ndani.

"Mzimu huo!" Chiriku anapiga kelele.

"Mzimu una njaa," baba anajibu. "Lete maziwa."

Akishapewa, alikuwa anayanywa kikombe kizima bila kushusha, anacheua, anajipiga kifua. "Haya, nimeshafagia." Fundi aliyemfundisha kazi ndiye aliyemwambia hivyo: vumbi la sufi linaingia puani linashuka kifuani, na maziwa yanalifuata hukohuko yanalisomba. Alimwamini mwalimu wake, mkewe akamwamini yeye, na Chiriku akawaamini wote wawili. Ndivyo ilivyokuwa.

Tatizo ni kwamba Chiriku alikuwa anayapenda maziwa.

Ilianza hivi, kwa kuonja. Kwenye kona, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, alifunua mfuniko akalamba ule mfuniko wenyewe. Mfuniko si maziwa, alijiambia. Siku nyingine akavuta funda moja. Halafu mafunda yakawa yanazaana, unajua mambo haya yanavyokwenda, mpaka siku moja akatazama ndani ya kopo akakuta limebaki nusu.

Jirani yao alikuwa na binti wa umri uleule, rafiki yake kufa na kupona, wanamwita Bonge, na wala hakuwa mnene, alikuwa mwembamba kama ufito. Walimwita hivyo kwa utani tu. Bonge alikuwepo siku hiyo.

"We Chiriku, leo umekwisha," Bonge alisema. "Baba yako ataona."

"Haoni kitu." Chiriku alikuwa anatazama bomba la maji lililokuwa pale karibu. "Maji ni meupe, maziwa ni meupe."

"Maji si meupe, mjinga wewe. Maji hayana rangi."

"Basi vizuri zaidi! Hayataharibu rangi."

Akafungulia bomba, akajaza, akatikisa. Bonge akacheka mpaka akashika tumbo, halafu akasema, "Nionjeshe na mimi basi." Toka siku ile ikawa ndiyo desturi. Nusu maziwa, nusu bomba. Baba alikuwa anakunywa, anakunja uso kidogo, anasema ng'ombe wa siku hizi wamelegea. Chiriku anaangalia kwingine.

Baba alikuwa anakohoa. Si jambo jipya, alikuwa na kikohozi chake tangu zamani, kile cha "khu, khu," mnakizoea kama saa ya ukutani. Lakini mwaka ule kilibadilika. Kiliingia ndani. Akibeba gunia kutoka mlangoni mpaka chumbani anasimama, anashika kizingiti, mabega yanapanda na kushuka. Siku ya mapumziko anakuwa afadhali, anatania, anapiga mluzi. Siku ya kurudi kazini kifua kinambana kama kafungwa mkanda.

Ndipo ikaja kazi kubwa. Shule moja ya bweni ilitaka magodoro mapya kwa wasichana wote wa ghorofani. Baba alifurahi, akazungusha cherehani ya mama kwa mkono kama mtoto. Akajifungia na sufi asubuhi mpaka jioni.

Siku chache baadaye, Chiriku aliporudi shule hakukuta kelele za fimbo. Alimkuta baba kakaa chini uani, mgongo ukutani, mikono kaikaza magotini, mdomo wazi. Shingo ilikuwa inaingia ndani kila akivuta pumzi. Na kifuani kulikuwa na sauti, nyembamba, kama birika linalotaka kuchemka.

"Baba?"

Baba aliinua kidole kimoja. Maana yake subiri. Mtu ambaye hana pumzi ya kusema "subiri."

"Chiriku, kimbilia maziwa!" mama alimsukumia kopo. "Kimbia, usigeuke nyuma!"

Alikimbia. Hakusimama kwenye kona, hakugusa bomba, alirudi na kopo limejaa maziwa matupu. Mama akamshika baba kisogo, akamnywesha. Funda la kwanza tu, baba akapaliwa. Alikohoa, maziwa yakamtoka puani, macho yakawa mekundu, mama anampigapiga mgongo analia, "Jamani, jamani!" Ilichukua muda mrefu kabla hajatulia, akalala kiubavu mkekani, anahema kwa shida.

Mama alifuta maziwa yaliyomwagika, halafu akasema kama anaongea peke yake, "Na kila siku anakunywa. Hajakosa hata siku moja. Sasa mbona hayamsaidii?"

Chiriku alirudi nyuma hatua mbili.

Kwa sababu yeye alikuwa anajua kwa nini hayamsaidii. Alikuwa anakunywa maji ya bomba, baba wa watu. Sufi yote hiyo ilikuwa inashuka kifuani, inarundikana, na maziwa ya kuisomba yalikuwa tumboni kwa Chiriku.

Jioni ile hakusema neno. Mama alidhani ni hofu tu. Bonge alipokuja kumchungulia, walikaa nyuma ya tangi la maji.

"Nimemuua baba," Chiriku alinong'ona.

"Hajafa, nimemwona anakunywa uji."

"Atakufa. Na ni mimi. Lazima niseme."

"Useme?" Bonge alimkamata mkono. "Utachapwa mpaka usahau jina lako! Wewe nyamaza. Kuanzia kesho peleka maziwa safi, atapona, nani atajua?"

Ilikuwa inavutia, njia hiyo. Lakini ndani ya nyumba ile sauti ya birika ilikuwa inaendelea, na kila ikipanda Chiriku alikuwa anajiuliza kama maziwa ya kesho yatawahi.

Asubuhi mama alivaa viatu vya kutokea. "Tunakwenda zahanati."

"Mimi nina maziwa yangu," baba alisema. Maneno machache hayo yalimchosha, akapumzika katikati.

"Maziwa yako tumeyaona jana. Inuka, Baba Chiriku. Ama nikubebe, majirani wapate cha kusimulia."

Akainuka. Chiriku akafuata nyuma, hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, miwani kaisukumia juu ya kichwa, na kila mara alikuwa anaitafuta mezani. Akamsikiliza baba mgongoni na kifuani kwa kile chombo chao cha masikioni. Akampa kibomba cha kupuliza, chenye mshale pembeni, akamwambia apulize kwa nguvu zote. Baba alipuliza mpaka akaona nyota. Mshale uliruka kidogo kama panzi aliyechoka, ukakaa. Daktari akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamsubiri, na baada ya muda baba akaanza kupata maneno.

"Unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Kikohozi hiki kimeanza lini?"

"Aa, ni baridi tu hii, daktari."

"Kazi yako?"

"Fundi magodoro."

"Kuna vumbi?"

"Lipo kidogo. Lakini najikinga."

"Vizuri sana," daktari alisema. Hakuuliza anajikinga na nini. Watu walikuwa wengi nje, na mtu mzima akikuambia anajikinga, utamwambia muongo? Akasema makohozi yatapimwa ili kuwa na uhakika, akaeleza dawa na namna ya kuitumia. Mama akashukuru. Baba akaanza kufunga vifungo vya shati.

Chiriku akaona mlango unafunguliwa. Kama wangetoka pale bila yeye kusema, daktari asingejua kwamba ile kinga ni maji, na dawa yake ingekuwa ya ugonjwa mwingine.

"Hajikingi!" alipiga kelele. Nesi kule nje akachungulia. "Daktari, hajikingi! Mimi nilitia maji! Nilikuwa nakunywa natia maji, nusu nzima, siku zote hizo, na sufi imejaa kifuani, ni mimi nimemuua!"

Akaanza kulia kwa sauti, ile ya kamasi na kila kitu.

Daktari alitafuta miwani mezani, akaikuta kichwani, akaivaa. "Ngoja kwanza, mwanangu. Umetia maji wapi?"

"Kwenye maziwa!"

"Maziwa gani?"

"Ya kifua!"

Daktari akamgeukia baba. Baba alikuwa anamtazama binti yake kama ndiyo anamwona. Mama kashika mdomo.

"Fundi," daktari alisema polepole, "ile kinga yako ni maziwa?"

"Kikombe kizima kila jioni," baba alijibu, kwa fahari kidogo. "Yanasomba vumbi."

"Na puani unafunga nini?"

"Sifungi kitu."

"Na madirisha?"

"Nafunga. Sufi inaruka."

Daktari alifunga mlango. Akavuta kiti, akakaa mbele yao, magoti karibu yaguse ya baba. Wale wa nje wakasubiri, hakukuwa na jinsi.

"Binti, futa machozi, njoo hapa. Hujamuua mtu. Weka kidole kooni, hapo mbele, penye kigumu. Fundi, na wewe. Mama pia. Sasa mezeni mate."

Wakameza wote watatu, wamejishika koo kama wezi waliokamatwa.

"Mmesikia nini?"

"Kinapanda," Chiriku alisema, anavuta kamasi. "Halafu kinashuka."

"Sawasawa. Kooni mna njia mbili. Ya nyuma ni umio, ya chakula, inakwenda tumboni. Ya mbele ni bomba la hewa, linakwenda kwenye mapafu, na hilo ndilo gumu unalolishika. Ukimeza, bomba la hewa linapanda, na kuna kifuniko kidogo hapo juu, kidakatonge, kinalala juu yake kinaliziba. Chakula kinapita nyuma. Ukishameza, kifuniko kinafunguka, unavuta pumzi. Haya, jaribu kumeza huku unaongea."

Chiriku akajaribu. Mtoto wa kuongea kama yule, akashindwa. Akajaribu tena, akaishia kutoa sauti ya chura. Mama akacheka bila kutaka.

"Huwezi. Mlango mmoja ukiwa wazi mwingine umefungwa. Kwa hiyo, Fundi, maziwa yako yote uliyokunywa maisha yako, safi au ya maji, yamekwenda tumboni. Hakuna hata tone lililofika kwenye mapafu kusomba kitu."

Baba alitikisa kichwa. "Daktari, una elimu yako, lakini aliyenifundisha kazi alikuwa fundi mkubwa."

"Alikufa na nini huyo fundi mkubwa?"

"Kifua," baba alisema.

Daktari akauliza kwa upole, "Umeshawahi kupaliwa?"

"Jana," mama alidakia. "Kwa hayohayo maziwa! Alikuwa anavuta pumzi kwa pupa, nikamnywesha, karibu tumzike."

"Basi hilo ni tone moja lililokosea njia. Tone! Na mwili mzima ukapigana kulitoa. Sasa Fundi, kama kikombe kizima kingekuwa kinaingia kifuani kila jioni, ungekuwa umekaa hapa?"

Baba alitazama sakafu. Ukimwona alikuwa anakirudisha kikombe kile kichwani mwake, anakifuata kinakokwenda, na mara hii hakikwenda alikozoea.

"Sasa vumbi linafuata njia gani?" aliuliza.

"Ya hewa. Linaanza puani. Pua ina vinyweleo na ute, vinakamata lile kubwa, ndiyo maana ukipenga kitambaa kinakuwa na sufi." Baba akaitikia. "Linalopita linashuka kwenye bomba. Bomba linagawanyika matawi mawili, moja pafu la kulia, moja la kushoto. Matawi yanagawanyika tena, na tena, membamba mpaka huyaoni, na mwishoni kila kitawi kina vifuko vidogo mno, kama povu la sabuni. Vifuko hewa hivyo. Ngozi yake ni nyembamba, na damu inapita hapo nje tu. Damu inachukua oksijeni kwenye hewa uliyovuta, inarudisha hewa chafu, unaitoa. Hiyo ndiyo pumzi. Hakuna zaidi."

"Na nani anaivuta?" Chiriku aliuliza. Machozi yalikuwa bado mashavuni lakini mdomo ulikuwa umesharudi.

"Swali zuri. Chini ya mapafu kuna msuli umetandazwa kama kitambaa, kiwambo. Ukishuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Ukipanda, hewa inatoka. Msuli huo haujapumzika toka baba yako azaliwe." Akamvisha Chiriku kile chombo cha masikioni, akaweka ncha yake mgongoni kwa baba. "Sikiliza."

Chiriku alisikia. Upepo unaingia, halafu filimbi nyingi ndogo ndogo zinalia, kila moja sauti yake.

"Hayo ni matawi yamevimba ndani," daktari alisema. "Vumbi la sufi linayakera, yanavimba, yanatoa ute mwingi, njia inakuwa nyembamba, pumzi inapita inapiga mluzi. Bomba zima lina vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kuurudisha juu, ndiyo makohozi hayo. Vinafagia usiku na mchana. Lakini Fundi, wewe unajifungia chumbani na kuvimwagia magunia! Siku ya mapumziko unakuwaje?"

"Afadhali," baba alisema taratibu.

"Ukirudi kazini?"

"Kinabana."

"Umejijibu." Daktari akamgeukia Chiriku. "Na wewe nikuambie. Ungenyamaza, ningempa dawa, angepata nafuu, angerudi mlemle chumbani na kikombe chake. Na safari nyingine asingeletwa kwa miguu."

Waliporudi nyumbani mama alitembea kimya, ule ukimya ambao mtoto anaufahamu. Uani, baba alikaa kwenye gunia akamwita.

"Nilipona au sikupona kwa maziwa yale, hilo daktari amelimaliza," alisema. "Lakini wewe hukujua hayo. Ulikuwa unaamini ni dawa yangu, na bado ukayanywa. Kosa halipungui kwa sababu halikuniua."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ila kazi ya kupiga deki barazani ni yako, mpaka mama yako atakaposema basi. Na mama yako mimi simjui atasema lini."

"Hatasema leo," mama alijibu kutoka kwenye cherehani.

"Na kwa nini hukuniambia unayapenda? Si tungegawana?" Kuanzia wiki ile maziwa yalipikwa jioni kwenye sufuria, kila mtu na kikombe chake, na yakaitwa maziwa tu.

Likabaki suala la sufi, na hilo halikuwa dogo. Bwenini wanasubiri. Baba alifungua madirisha, na papo hapo wingu likatoka kama linafukuzwa. Jirani akapiga kelele, "Fundi! Nguo zangu!" Akafunga tena. Akakaa anatazama kile chumba, mikono kiunoni. Chiriku alikuwa mlangoni, maana kuingia alishakatazwa.

"Baba, mbu wanazuiwa na chandarua," alisema. "Na upepo unapita."

Baba alimtazama. Halafu akamtazama mama. "Mama Chiriku, kile chandarua kilichochanika umekitupa?"

Hakikutupwa. Waliomba na vingine kwa majirani, vile vikuukuu. Mama akaviunganisha, akaviziba matundu, na baba akasimamisha miti uani akavitundika, kikawa chumba cha chandarua. Hewa inaingia huku inatokea kule, vumbi jepesi linakwenda zake, sufi yenyewe inabaki. Nguo za jirani zikahamishiwa upande wa pili. Mdomoni na puani baba akavaa barakoa nzito aliyoelekezwa na daktari, inayobana mashavu. Siku za kwanza alilalamika inamwasha, anafanana na farasi. Bonge alikuja kumtazama akasema, "Shikamoo farasi," akafukuzwa kwa fimbo ya sufi kuzunguka uani. Lakini baba hakuivua barakoa ile. Na alikwenda mwenyewe kwa matroni wa shule ile, akamwambia ukweli kwamba magodoro yatachelewa kwa sababu kifua chake kimemshitaki. Matroni alinung'unika kidogo, halafu akasema wasichana wamelalia yale ya zamani muda wote huo, hawatakufa kwa kusubiri kidogo.

Majibu ya makohozi yalikuwa mazuri, hayakuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Baba alipuliza tena kile kibomba. Mshale ukapanda. Haukufika juu kabisa, na daktari hakumficha: kuna sehemu imeshachoka, haitarudi kama ya kijana. "Lakini iliyobaki," alisema, "ukiitunza, itakufikisha mbali sana."

Siku ya kupeleka godoro la mwisho, Chiriku alishika upande mmoja, baba upande mwingine. Bweni lilikuwa juu, na ngazi zake zilikuwa ndefu, za zege, zinakata kona. Chiriku alikuwa anamtazama baba mgongoni kila hatua. Anasubiri asimame. Anasubiri ashike ukuta. Kwenye kona ya kwanza hakusimama. Kwenye ya pili alipunguza mwendo, akavuta pumzi ndefu kwa pua, mabega yametulia, akaendelea. Walifika juu, wakalilaza godoro kitandani, na baba akalikalia kulijaribu. Akapigapiga pembeni yake, Chiriku aketi. Dirisha lilikuwa wazi, na chini uwanjani wasichana walikuwa wanacheza mpira wa mikono.

"Siku ile kwa daktari," baba alisema, na alisema yote kwa mkupuo mmoja bila kupumzika katikati, "nilikuwa nimeshafunga vifungo. Nilikuwa natoka. Wewe ndiye uliyenirudisha, na ulijua utaadhibiwa. Mtu akificha kosa lake anadhani analificha hilo tu, kumbe kaficha na dawa ya mwenzake."

Chiriku alikuwa anapapasa mshono wa godoro.

"Na jingine. Hili godoro likija kuchoka, nitalifumua, nitatoa sufi iliyokufa, nitatia mpya, nitalishona. Ndiyo kazi yangu." Alijigusa kifua, safari hii bila kukipiga. "Hiki hakifumuliwi. Tumepewa kimoja kimoja. Kwa hiyo penye vumbi tufunge pua, penye moshi tuondoke, penye dirisha tufungue. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, baba."

"Haya. Sasa nyanyuka, wenye kitanda wanakuja."